Msaragambo wa Profesa

Jumapili, 29 Oktoba

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si Mama, si Bibi, wala padre kwenye kitubio, ingawa kwa padre nilikaribia, nikababaika, nikaungama uvivu badala yake. Jambo lenyewe ni hili: kila siku naomba chuo cha baba yangu kife.

Siombi kipate shida. Shida kinazo za kugawa. Naomba kife kabisa. Lango litiwe kufuli, na lile bango la barabarani lenye vijana wanaocheka (picha wameichukua mtandaoni, hakuna hata mmoja anayefanana na Mpare) ling'olewe likaezeke banda la kuku.

Kinaitwa Chuo Kikuu cha Nuru ya Upare. Kipo huku juu, kabla hujafika Myamba, mahali ambapo umeme wenyewe unakuja kwa kusitasita. Baba ndiye Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Zephania. Watu wa hapa wanalitamka neno Profesa kama wanavyotamka kisukari: ni ugonjwa, lakini wa mtu aliyefanikiwa.

Mimi ni Justa. Nina miaka kumi na minane na nikisimama mbele ya watu zaidi ya watatu viganja vinatoa maji. Shuleni Kiswahili changu kilikaa kimya, na Kiingereza changu kikakaa kimya pembeni yake.

Nilichaguliwa Morogoro kusomea udaktari wa mifugo. Nimeutaka tangu darasa la tano, ng'ombe wa Bibi alipokufa akizaa na bwana mifugo akafika kesho yake, akatupa pole. Nilichaguliwa na kwa Baba pia, maana kwa Baba kila aliyeomba amechaguliwa. Ukichaguliwa vyuo viwili, unathibitisha kimoja kwa simu. Baba aliichukua simu yangu mezani, akavaa miwani, akathibitisha chake. Shahada ya Maendeleo ya Jamii. Halafu akanirudishia simu kama mtu aliyenisaidia kuweka vocha.

"Mwanangu, nitawaambiaje wazazi walete watoto kwangu, wakati wa kwangu nimempeleka Morogoro?"

Nikasema, "Sawa, Baba." Ndivyo nilivyo. Nasema sawa, halafu naandika.

Chuo kikifungwa, wanafunzi wake wanahamishiwa vyuo vingine. Nimesoma gazetini, imetokea kwingine. Huo ndio mlango pekee ninaouona. Ndiyo maana naomba.

Jumatatu, 30 Oktoba

Tumeripoti. Mwaka wa kwanza wote tuko tisa, na miaka ya juu haina mtu.

Alhamisi, 2 Novemba

Leo tumekaribishwa rasmi. Ukumbi una viti mia mbili, tukawekwa mstari wa mbele kama watoto wa kipaimara. Baba alivaa joho. Alishika maikrofoni, mdomo wake na pua zetu vikiwa karibu kabisa, akasema, "Ninapoutazama umati huu wa vijana..." Kijana mmoja pembeni yangu akageuka kuutafuta umati. Anaitwa Chande, ametoka Ndungu kwenye mpunga, na tangu aripoti hajanyamaza.

"Dada," akaninong'oneza, "umati umechelewa basi au?"

Umeme ukakatika katikati ya "dira na dhamira". Baba akaendelea kuishika maikrofoni iliyokufa.

Baadaye akaja Msajili, Bwana Anold. Anold ni mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna inayoandika. Akasema anapiga picha za tovuti. Akatupiga tukiwa mbele. Akatuambia tubadilishane mashati na mitandio, tukae katikati. Akatupiga. Tubadilishane tena, tukae nyuma, tuinamishe vichwa kama tunaandika. Jioni picha zilikuwa mtandaoni: chuo kimejaa. Chande yumo mara tatu, mara ya mwisho amevaa shati la mlinzi.

"Mama yangu akiona atajua nimeoa," alisema.

Baba aliporudi nyumbani alikwangua viatu kwenye kile chuma cha mlangoni, kwaru, kwaru, kama kila jioni ya mvua. Viatu vya ngozi, vya ncha. Huku mlimani, Novemba. Gamba, buti za mpira wanazovaa wenzake wote, hazimfai yeye.

Jumapili, 5 Novemba

Mvua. Mama hakupanda kutoka Same, anakokaa siku za kazi; barabara imekatika penye kona.

Alhamisi, 9 Novemba

Kuna mwalimu anaitwa Paschal, wa takwimu. Nilimdharau siku ya kwanza. Anavaa tai fupi kama ulimi wa mbuzi, na kila baada ya dakika anauliza, "Tuko pamoja?" Tuko pamoja na nani, na sisi ni tisa? Hatuna pa kupotelea.

Leo nikamdharau pungufu kidogo. Wenzake hawaji, mishahara haiji nao wamejifunza kutoka kwayo. Yeye alikuja na mvua yote, suruali imelowa hadi magotini, projekta haiwaki, akachora mchoro ubaoni kwa mkono. Chande akamuuliza, "Mwalimu, kwa nini unajisumbua hivi kwa watu tisa?"

Akasema, "Wangekuwa mia mbili ungesinzia. Leo huwezi, nakuona."

Hakucheka. Aliendelea na wastani. Nilielewa wastani kwa mara ya kwanza maishani, na nikakasirika, maana sikuja hapa kuelewa kitu.

Jumanne, 14 Novemba

Wakaguzi wanakuja kutoka Dodoma. Alhamisi ya wiki ijayo. Wanataka kuona kama chuo kina wanafunzi wa kutosha na walimu wa kutosha, ama kisimamishwe.

Nilisikia hilo nikipakua makande. Kijiko kikagonga sufuria, Mwalimu Paschal akanitazama.

Walikuwa sebuleni kwetu: Baba, Anold na Paschal. Niliyasikia yote kwa sababu kwetu ukileta chakula ni kama hupo.

Anold akasema, "Profesa, ukumbi ujae tu. Wao watakaa saa moja, watapiga hesabu ya vichwa, watakula, watashuka kabla ukungu haujafunga."

"Ujae nini?" akauliza Paschal.

"Watu, mwalimu. Kijiji kina watu."

"Bwana Anold, unataka kumkalisha mama wa miaka sitini umwite mwaka wa pili?"

"Elimu ya watu wazima ipo duniani kote!"

Nikamtazama Baba. Nilidhani atakasirika. Alikuwa anatoa harage kwenye makande na kuliweka kando, afanyavyo akifikiri. Akasema watu wa hapa ukiwaalika hawaji, watasema wana tangawizi ya kuvuna. Ila hakuna anayekataa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu likilia alfajiri, kila kaya inatoa mtu, asiyetoka anapigwa faini na wenzake. "Nitazungumza na Mzee Elirehema. Alipige."

Anold akapiga makofi. Kweli, alipiga makofi, na mkono mmoja una paja la kuku.

Paschal akasimama. "Profesa, mimi simo. Siku hiyo nitafundisha hao tisa, lakini kwenye hilo simo. Na mkaguzi akiniuliza, sitadanganya."

"Hakuna aliyekuomba udanganye," Baba akasema. "Nimekuomba ukae kimya."

Hivyo ndivyo maprofesa wanavyozungumza. Shahada tatu, moja ya Ulaya, na mwisho wa yote amefika kwenye akili ya mtu anayejaza gunia la mkaa majani chini.

Ijumaa, 17 Novemba

Bibi Agatha, mama yake Baba, alikuja na ndizi. Nikamuuliza kuhusu msaragambo, nikijifanya ni kazi ya darasani. Akacheka kwamba chuo kikuu kinafundisha msaragambo.

Akasema jengo la ukumbi, mawe yake yote, wameyabeba wanawake wa hapa kutoka mtoni, kila baragumu lilipolia, wakati huo Baba bado yuko Ulaya anasoma. Waliambiwa wajukuu wao watasoma hapa bila kushuka mlima. "Na mwaka huu wamesoma wangapi?" nikamuuliza. Akanitazama. "Si wewe hapa?"

Halafu akasema kitu nilichokiona kidogo wakati ule: kwenye msaragambo hakuna kukaa. Aliyekaa ni mgonjwa au ana mimba. Hata mzee asiyeweza jembe anabeba maji. Yeye mwenyewe kwenye kusafisha ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, hadi leo anachota tope kwa ndoo, na ana magoti mabovu.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua. Anold ananunua madaftari. Ananunua na kalamu. Labda safari hii zitaandika.

Alhamisi, 23 Novemba

Nitaandika yote, hata yale ya mwisho.

Baragumu lililia kabla ya jogoo wa pili. Kulipopambazuka watu walikuwa wanapanda kwa njia zote, wamejifunika mifuko ya plastiki, na kila mmoja ana jembe, sururu, panga au ndoo. Bila shaka. Baragumu limelia! Anold alikuwa mlangoni anagawa daftari. Niliwaona wakipokea daftari kwa mkono mmoja na jembe kwa mwingine, wakitazamana.

"Majembe acheni nje," akasema Anold.

"Yaibiwe?" akauliza mama mmoja. "Hili la mume wangu."

Wakaingia nayo. Sasa chora picha hiyo: ukumbi umejaa kweli kwa mara ya kwanza tangu uzinduliwe, kanga, makoti ya mvua, gamba zenye tope, na mipini ya majembe imesimama katikati ya miguu kama mikuki. Bibi Agatha mstari wa mbele, daftari juu ya paja, analifungua na kulifunga. Sisi wanafunzi halisi tulitawanywa katikati yao. Anold alisema sisi ni hamira.

Paschal alikuja, akaona, akarudi nje. Alikaa ngazini kwenye mvua na vitabu vyake hadi mwisho.

Wakaguzi wakachelewa. Gari lao lilinasa penye kona, Baba akashuka na mlinzi kwenda kulisukuma. Watu wakakaa. Wakakaa. Mvua ikazidi, mfereji wa nyuma ya ukumbi ukajaa majani, maji yakaanza kuingia chini ya mlango wa nyuma, ya rangi ya chai ya maziwa, yakitafuta miguu.

Bibi akainua mkono kama mtoto wa shule. "Baba Msajili. Kazi ni ipi?"

"Kazi ni kukaa, mama."

"Kukaa?"

"Kukaa tu, na kusikiliza. Wakija wageni muwe mnaandika."

Mzee Elirehema, yule mwenye baragumu, akageuka kwenye kiti. "Yaani nimewatoa watu mashambani, nimelipiga la kazi, waje wakae?"

"Ni msaragambo wa kukaa," Anold akasema.

Kicheko kilichotoka hapo kingeweza kuinua bati. Nyuma mtu akapiga kelele, "Anold, na kula kwake tunakula tumelala?" Mwingine, "Mke wangu huu ameufanya miaka kumi, kumbe ni wa kijiji!" Maji yakafika kwenye gamba za Mzee Elirehema. Akayatazama. Akasema, bila hasira, kama anajibu salamu, "Maji yanatuingilia mbele ya macho na sisi tumekalia viti." Akasimama na jembe lake.

Hiyo ilitosha. Walisimama wote. Anold alishika mlango kwa mikono miwili, wakampitia kama mbuzi wanavyopitia uzio. Wakaenda nyuma, wakaanza kufukua mfereji, wakaimba. Chande akachukua sururu ya mtu. Wanafunzi wenzangu wakamfuata wakicheka, maana ilikuwa siku ya kwanza yenye raha tangu turipoti.

Mimi sikusimama. Si kwa msimamo wowote. Wakati watu wanasimama mimi huwa nasubiri waishe, ili nisionekane, na walipokwisha nilikuwa peke yangu katikati ya viti mia mbili, na madaftari mapya yamelala kila mahali.

Gari likafika wakati huo. Kupitia dirishani niliona kila kitu. Wakaguzi wanashuka na miavuli. Kijiji kizima kiko kwenye tope hadi viuno kinaimba. Na Baba, suti ya bluu, viatu vya ncha, anakimbia kwenye utelezi anapunga mikono: "Rudini darasani! Jamani! Darasani!" Mkaguzi mmoja mwanaume akamuuliza Bibi jambo, baadaye nikaambiwa alimuuliza yuko mwaka wa ngapi, naye akajibu alizaliwa mwaka ule wa nzige. Baba akaanguka. Alianguka kwa makalio, taratibu, akiwa bado anapunga.

Nilicheka. Peke yangu, kwa sauti. Niandike hilo pia.

Mkaguzi mwanamke akaingia ukumbini kukwepa mvua. Dokta Ummy, ndivyo ilivyoandikwa kifuani pake. Akatikisa mwavuli, akaniona, akaja kuketi kiti cha pili kutoka kwangu. Akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mwanafunzi kweli au na mimi nimekuja na jembe.

Nami nikajibu. Kwa Kiingereza. Sijui nieleze vipi. Kwa Kiswahili ningesema "sijui, madam" na kuangalia vidole. Lakini Kiingereza si lugha ya nyumbani kwetu, hakina Bibi ndani yake, hakina Mama. Ni kama kuvaa koti la mtu mwingine. Mikono ikawa inafanya mambo ambayo yangu haifanyi. Nilisema tuko tisa. Nilisema habari za picha na mashati. Nilisema walimu hawaji ila mmoja. Nilisema nilichaguliwa Morogoro na sikutaka kuja hapa.

"Sasa kwa nini ulithibitisha hapa?"

"Sikuthibitisha mimi. Vaisi chansela alichukua simu yangu, akathibitisha yeye."

Aliacha kuandika, akanitazama. "Alichukua simu yako? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

Akaandika, na hilo aliliandika kwa muda mrefu kuliko yote. Hakuniuliza jina. Mimi nilimwita vaisi chansela, Makamu Mkuu, kila mara. Hata mara moja sikusema baba yangu.

Nilipoinua macho, Bibi alikuwa mlangoni, anachuruzika maji, amerudi kuchukua ndoo yake. Bibi hajui Kiingereza. Alisimama hadi nilipomaliza.

Ijumaa, 24 Novemba

Ukumbi umekauka. Mfereji unapitisha maji vizuri sana.

Jumanne, 28 Novemba

Baba anakwangua viatu, anakula, anaingia ndani. Nadharau hata anavyotafuna. Ndani yangu kuna sherehe na naogopa itasikika.

Ijumaa, 1 Desemba

Imekuja. Chuo kimezuiwa kupokea wanafunzi wapya, na sisi wa mwaka wa kwanza tunahamishwa. Nimepata Morogoro. Mifugo. Nilienda nyuma ya banda la kuku nikaruka ruka kama mwendawazimu, kuku wakanishangaa.

Nikarudi ndani. Baba alikuwa amekaa sebuleni, viatu bado miguuni na tope lake, kitu ambacho hajawahi kufanya. Alikuwa anasoma maelezo yao kwenye simu, ameisogeza mbali na macho.

"Idadi naielewa," akasema. Sikujua kama anasema na mimi. "Walimu naelewa. Hata ule upuuzi wa msaragambo naelewa, ni kosa langu. Lakini hili?" Akasoma kwa Kiingereza kwamba uongozi wa juu unawanyang'anya waombaji simu na kuwathibitisha bila ridhaa yao. "Simu za nani? Justa, mimi nimemnyang'anya nani simu?"

Alikuwa anauliza kweli. Uso wake ulikuwa mtupu kama wa mtoto. Nilidhani anajua, nilidhani siku zote amejua alichonifanyia. Hajui. Yeye alimsaidia mwanawe kubonyeza simu.

"Umewahi kusikia huko darasani? Mwanafunzi kanyang'anywa simu?"

"Hapana, Baba."

"Ndilo limetumaliza. Idadi wangetupa mwaka wa kurekebisha, wamesema. Hili limetumaliza."

Jumatatu, 4 Desemba

Anold amepata mwenye kosa. Paschal. Nani mwingine? Alisema mbele ya mashahidi hatadanganya. Alikaa nje kwenye ngazi wakaguzi walipopita. Baba amekubali, kwa sababu anahitaji kukubali. Jumatatu ijayo baraza linakaa kumfukuza, kwa kosa la kuwapa wageni habari za uongo za kuchafua chuo. Wanataka kuandika hivyo hivyo kwenye barua, ili asiajiriwe kokote.

Leo amekuja kufundisha. Nyumba inaungua na yeye anafundisha mtawanyo. "Tuko pamoja?"

Chande akasema, "Tuko pamoja, mwalimu." Hakuwa anatania.

Mimi niliinamia daftari.

Alhamisi, 7 Desemba

Nilimpelekea Bibi sukari. Alikuwa anamenya viazi. Shikamoo, marahaba. Mvua inanyesha kwenye migomba.

"Siku ile uliongea sana," akasema. "Tangu uzaliwe sijakusikia ukiongea hivyo. Nikasema, kumbe mtoto ana mdomo."

Nikasema nilikuwa najibu maswali ya masomo.

"Uliomba nini kwa yule mama, ukapewa upesi hivyo?"

"Sikuomba kitu, Bibi."

Akaendelea kumenya. "Baba yako mjinga," akasema, kama anavyosema mvua inanyesha. "Mjinga tangu mdogo, anataka kuonekana. Lakini hajui kuficha. Ukimtazama unaona." Alinipa viazi nibebe.

Jumamosi, 9 Desemba

Mvua imekatika leo, kwa mara ya kwanza mawingu yamefunguka na tambarare ya chini inaonekana hadi Ndungu, maji yanang'aa kwenye mashamba. Jumanne naondoka. Jumatatu baraza.

Nimeisoma shajara hii kuanzia mwanzo. Nimewacheka watu wengi humu. Anold na mashati yake. Anold angalau alibadilisha mashati mbele yetu sote, tukamwona. Baba na joho, na maikrofoni iliyokufa. Nimeandika kwamba wao ni waigizaji. Halafu nimefika Alhamisi ile, nikasoma tena sentensi yangu ya vaisi chansela. Kila neno lake ni kweli. Ni uongo mkubwa kuliko ukumbi ule uliojaa majembe, na hakuna hata tone la maji lililoingia chini ya mlango kunitoa kwenye kiti.

Sentensi moja inatosha kumwokoa Paschal: Ni mimi, Baba, na simu ilikuwa yangu. Nimeijaribu kwa Kiswahili mbele ya kioo, sauti haitoki. Kwa Kiingereza inatoka vizuri, lakini Baba yuko hapa, si Ulaya. Basi nimeamua hivi: asubuhi ameshuka Same sokoni, akirudi, daftari hili litakuwa mezani, wazi, ukurasa wa Novemba 23. Asome mwenyewe. Atasoma pia kwamba nilicheka alipoanguka. Na asome.

Pikipiki imesimama nje. Anamlipa kijana, anamwambia ashuke polepole.

Kwaru. Kwaru. Hakuna tope leo, anakwangua kwa mazoea.

Anamuuliza Mama, aliyepanda jana, kama nipo. Anasema ameninunulia gamba, za kuingia mazizini, ametafuta saizi yangu Same nzima. "Mtoto akafike Morogoro wamcheke ana viatu vya ncha?" Mama anacheka. Na yeye anacheka.

Anakuja. Ukurasa uko wazi. Nitauacha wazi.

Anabisha hodi. Mtu aliyechukua simu yangu bila hata kuniuliza, leo anabisha hodi.

"Justa? Njoo ujaribu."

"Sawa, Baba," nimesema, na daftari naligeuza ukurasa wa Novemba 23, naliacha wazi.